Ng'ombe Aliyesemwa Hana Kitu

Kibiriti si jina alilopewa na wazazi wake. Walimpa wenzake wa chuoni, kwa sababu mbili. Ya kwanza udogo, mtoto wa watu ukimsimamisha nyuma ya ndama humwoni. Ya pili kuwaka, maana hakuhitaji kusuguliwa mara mbili. Msichana huyu alikuwa anasomea udaktari wa mifugo, yuko mwaka wa mwisho kabisa, ule mwaka ambao mtu hata akilala anaota maswali. Na wiki hiyo hakukaa akatulia. Akiketi kitandani, mguu unacheza. Akisimama, anakunja shuka alilokwisha kulikunja. Akishika mto, vidole vinaupapasa kama kuna kitu kimepotea ndani.

"Huo mto una mimba?" akamuuliza mwenzake wa chumbani. Huyu walimwita Shangazi, kwa kuwa ana ushauri kwa kila mtu, hata ambaye hajauliza.

"Changa," Kibiriti akamjibu, macho kafumba.

"Hongera. Sasa nirudishie, ni mto wangu na nauhitaji kichwani."

Hawa watu wa mifugo wana kazi yao moja, mtu wa kawaida akiiona anageuza uso. Kujua kama ng'ombe ana mimba, unavaa glavu ya plastiki inayofika begani, unaipaka kitu cha kuteleza, halafu mkono unaingia njia ya mavi. Ndiyo, hiyo hiyo. Mfuko wa uzazi uko chini yake, kwa hiyo unaupapasa ukiwa juu, kama mtu anayetafuta shilingi kupitia kitambaa cha mfuko. Macho hayana kazi hapo. Wengi wanayafumba kabisa, uso wameuinua juu kama wanaomba dua. Na mtihani wao wa mwisho wa vitendo ulikuwa huo. Unapewa ng'ombe, unaingiza mkono, unasema anayo au hana, ukikosea hulivai joho.

Sasa kazi hiyo inapenda mkono mrefu. Kulikuwa na kijana wa darasani kwao, Twiga, huyo mkono wake ungeweza kumsalimia ng'ombe kwa ndani mpaka kooni. Wa Kibiriti ulikuwa mfupi. Lakini alikuwa na vidole vinavyosikia, akajitahidi, akawa si wa mwisho.

Na walikuwa na sheria moja. Mwalimu wao wa uzazi wa mifugo, mzee waliyemwita Mzee Kimya kwa vile maneno kwake yalikuwa kama meno, hayatoki ovyo, aliwafundisha tangu siku ya kwanza: neno la mwanafunzi halitoki zizini. Maana yake, ukimpima ng'ombe wa watu, unamwambia mwalimu. Mwalimu naye anaingiza mkono wake. Ndipo mwenye ng'ombe anaambiwa, na anayemwambia ni mwalimu, si wewe. Kwa sababu mwenye ng'ombe hafanyi masihara. Ukimwambia hana kitu, anamwita mchinjaji.

Hapo ndipo Kibiriti alipojikwaa.

Wiki iliyopita walipelekwa kufanya mazoezi kwenye mazizi ya watu. Zizi la mwisho lilikuwa la mama mmoja mwenye ng'ombe wachache, anauza maziwa. Wenzake walishapanda gari, Kibiriti kabaki na ng'ombe mmoja mwekundu anaitwa Jirani, eti kwa sababu kila siku anavunja uzio anakwenda kushinda kwa jirani. Mzee Kimya akaitwa mbio upande wa pili wa barabara, kuna ng'ombe alikuwa anashindwa kuzaa. Kibiriti akapapasa, akapapasa, mkono umefika mwisho wake, hakuona mfuko, hakuona kitu. Akautoa.

Mama mwenye ng'ombe alikuwa kasimama na ndoo ya maji ya kunawa.

"Daktari, vipi? Anayo?"

Sasa msichana hajawahi kuitwa daktari na mtu mzima. Neno hilo likamwingia kama soda ya baridi. Kabla hajafikiri, mdomo ukajibu wenyewe, "Hapana, mama. Hana kitu."

"Nilijua," yule mama akasema. "Mwaka mzima hajashika. Na maziwa yanakata. Siku ya soko nitampa mchinjaji, basi tena."

Mzee Kimya aliporudi, nguo zimelowa, kachoka, akauliza, "Tumemaliza hapa?" Kibiriti akasema, "Tumemaliza, mwalimu." Wakaondoka. Wala hakuona kama kafanya jambo, kwani ng'ombe si kweli hakuwa na kitu?

Mpaka mchana wa siku moja kabla ya mtihani. Walikuwa bwaloni, wamekula, wanaulizana maswali, Twiga anajifanya mwalimu.

"Mimba ya miezi mitano iko wapi?"

"Tumboni," Shangazi akasema.

"Shangazi, wewe utafungua duka la vitenge. Sikilizeni. Mimba changa iko juu, unaishika. Kubwa sana, ndama mwenyewe unamgonga kichwa. Hii ya katikati ndiyo mchawi. Mfuko umekuwa mzito, umezama, umening'inia chini kama ndoo kisimani. Mkono unapita juu yake, unarudi unasema hamna mtu. Hasa mkono wa..." akamtazama Kibiriti, akacheka. "Mkono wa viwango fulani."

"Sasa utajuaje?" Shangazi akauliza.

"Shingo ya kizazi. Inakuwa imevutwa, imekaza, kama kamba yenye ndoo."

Kibiriti alikuwa anakunywa maji. Akaacha katikati. Kwa maana vidole, bwana, vina kumbukumbu kuliko kichwa. Pale pale vikamkumbusha shingo ya kizazi ya Jirani, namna ilivyokuwa imekaza, imeelekea mbele na chini. Yeye siku ile alidhani ndivyo alivyoumbwa.

"Siku ya soko ni lini?" akauliza.

"Kesho," Twiga akasema. "Kwani unataka kununua mkono?"

Akaweka kikombe mezani. Akatoka. Akaenda chumbani, akarudi bwaloni, akaenda bombani akanawa mikono safi. Simu ya yule mama hakuwa nayo, anayo Mzee Kimya peke yake. Na kumwomba Mzee Kimya namba ni kumweleza yote: nilitoa neno, halafu nikakudanganya tumemaliza. Siku moja kabla ya mtihani wake. Si ni kujifungia mlango na funguo ukameza?

Akaenda mpaka ofisini kwake. Akasimama. Mkono ukapanda kugonga, ukashuka. Ukapanda tena, na mlango ukafunguka wenyewe, mzee anatoka na birika lake la chai.

"Una nini?"

"Nilikuwa naulizia, mwalimu, kesho tunaanza na ng'ombe gani."

Mzee akamwangalia kidogo. "Wenye miguu minne," akasema, akaenda zake kuchota maji.

Jioni hiyo Kibiriti alimweleza Shangazi kila kitu. Akategemea ushauri wa kumfaa. Shangazi akauchukua mto wake, akaulaza mapajani.

"Fanya mtihani kwanza," akasema. "Ukishakuwa daktari ndio uende."

"Nikishakuwa daktari ng'ombe atakuwa kwenye ndoano."

"Na kama ulikuwa sahihi? Utatupa shahada kwa ajili ya ng'ombe asiye na kitu?"

Hilo ndilo lililomkosesha raha zaidi. Hakujua. Angejua kakosea angejua la kufanya, angejua yuko sawa angelala. Lakini kutojua ni mwiba wa chini ya kucha, unauma na hauonekani.

Asubuhi wakapangwa mstari nje ya zizi la chuo, ovaroli zimefuliwa, mabuti ya mpira yanang'aa kwa siku hiyo tu. Ndani, Mzee Kimya na walimu wengine wawili, ng'ombe kwenye kibano cha mbao asigeuke, wanafunzi wanaitwa mmoja mmoja. Waliotoka walikuwa wanatabasamu kama wamelewa. Twiga akaingia, akatoka, kainua mikono yote miwili kama mfungaji wa goli. Mstari unasogea. Kibiriti anakanyaga mguu huu, anakanyaga mguu huu. Wamebaki watatu mbele yake. Wakabaki wawili.

Akatoka mstarini.

"We," Twiga akamshika ovaroli. "Choo kiko huku."

"Siendi chooni."

"Mdogo wangu, mtihani ni dakika chache tu, unakimbilia wapi?"

"Waambie wapite," akasema, akachukua glavu moja kwenye boksi la mlangoni, akaondoka mbio na mabuti yake, pwata pwata pwata, mpaka barabarani.

Mwenye pikipiki aliyempakia alilalamika njia nzima. "Dada, hii harufu itabaki kwenye kiti changu. Abiria wa baada yako atadhani ni mimi."

"Mwambie ulipakia daktari."

"Daktari gani ananuka hivi?"

Walipofika, gari dogo la mizigo liko mlangoni kwa mama, ubao umeegemezwa nyuma, na Jirani kagoma kupanda. Mchinjaji anavuta kamba mbele, kijasho kinamtoka. Dereva anasukuma nyuma. Mama mwenye ng'ombe kasimama pembeni, kakunja mikono, haangalii.

"Mama, shikamoo. Naomba msimpakie kwanza."

Mama akageuka. "Marahaba. Daktari? Kuna nini tena?"

"Bado si daktari, mama. Ni mwanafunzi. Siku ile sikutakiwa kukwambia lile neno, na sina hakika nalo. Naomba nimpime tena."

Mchinjaji akaiachia kamba. "Binti, mimi nina wateja wanasubiri supu. Ulisema hana kitu, leo unasema nini?"

"Sijasema kitu. Nataka nishike kwanza."

"Wiki nzima ulikuwa wapi hujashika?"

Mama akatazama gari, akamtazama msichana, akatazama ng'ombe. "Mfungeni kwenye mti," akasema. "Ashike."

Basi akavaa glavu, akaomba sabuni na maji, akaingia. Mwanzoni ni yale yale. Mkono umefika mwisho, hamna mfuko. Shingo ya kizazi imekaza, imevutwa, ila je, si labda ni maumbile? Jasho likamwingia machoni. Akatafuta mshipa mkubwa wa damu unaolisha kizazi, ule uko karibu, ukutani mwa nyonga, hata mkono mfupi unaufikia. Ng'ombe asiye na mimba, mshipa huo unadunda tu kama mshipa wowote. Mwenye mimba iliyokua, haudundi. Unavuma. Unatetemeka chini ya kidole kama umeshika chupa yenye nyuki ndani.

Akaushika wa kushoto. Unadunda. Dunda, dunda, dunda.

Akageuza kiganja, akatafuta wa kulia. Ukamponyoka. Akautafuta tena, ng'ombe akahema, akabana mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Akasubiri. Alipolegea, akaukuta.

Nyuki.

"Anayo," akasema. "Mama, anayo."

"Haa, sikiliza hii," mchinjaji akasema. "Wiki iliyopita tupu, leo amejaa. Kesho atasema ni dume."

Mama hakucheka. "Mwanangu, mimi nikuamini yupi? Yule wa juzi au huyu wa leo? Wote ni wewe."

Ilikuwa haki yake kuuliza. Kibiriti akafikiri, mkono bado uko ndani, akasema, "Usiniamini mimi. Simu iko mfuko wa kifuani, naomba unitolee. Umpigie mwalimu wangu."

Mama akapiga, akaweka sauti kubwa. Ikaita sana.

"Uko wapi?" ikasema sauti ya Mzee Kimya.

Kibiriti akamwambia yote, kwa maneno machache, maana kwa huyo mzee maneno mengi ni uchafu. Alitoa neno. Alidanganya wamemaliza. Sasa yuko na mkono ndani ya ng'ombe. Upande wa pili ng'ombe wa chuo akalia mahali.

"Mshipa?"

"Wa kulia unavuma. Wa kushoto unadunda."

"Shingo?"

"Imekaza. Imevutwa chini."

Halafu akasema, "Mama, unanisikia? Usimtoe huyo ng'ombe. Nikimaliza hapa nakuja na mkono wangu."

Mchinjaji aliutupa ubao garini kwa kishindo, akaondoka akisema madaktari wa siku hizi wanakula biashara za watu. Kibiriti akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akainuka, akaenda mpaka uzioni, akarudi. Mama akamwambia, "Utanichimbia kisima hapo." Akaketi. Akainuka tena. Twiga akatuma ujumbe kwamba jina lake liliitwa mara tatu, na kwamba wamefunga.

Mzee Kimya alifika jua limeshageuka. Hakumsalimia Kibiriti. Akavua koti, akavaa glavu, akaingiza mkono, akatazama mbali huko juu ya paa za nyumba. Akakaa hivyo muda mrefu, mama kaziba mdomo na kanga.

"Miezi mitano," akasema. "Au inaelekea sita."

"Lakini sijamwona na dume," mama akasema.

"Huko anakoshinda, kuna dume?"

Mama akafikiri, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea ng'ombe. "Huyu mshenzi," akasema, anampiga Jirani makofi ya mapenzi mgongoni. "Huyu mshenzi."

Mzee Kimya akanawa mkono wote, mpaka begani, taratibu. Akamwambia Kibiriti bila kumtazama, "Mtihani wako hukuufanya. Utaufanya na wanaorudia. Wenzako watavaa majoho, wewe utavaa ovaroli."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na sheria uliijua."

"Niliijua."

"Haya."

Mama akawatazama wote wawili, kicheko kimemkauka. "Kwa hiyo hatamaliza mwaka huu? Kwa ajili ya huyu?" Akageuka kwa Kibiriti. "Sasa akizaa, utakuwepo?"

Kibiriti akajifuta machozi kwa bega la ovaroli. Mzee ndiye aliyejibu, huku anavaa koti lake.

"Atakuwepo. Hana pa kwenda."

Akatembea kuelekea gari. Kibiriti akamfuata hatua chache, akasimama.

"Mwalimu, naomba nimshike tena kabla hatujaondoka."

"Kwa nini? Si nimekwambia anayo?"

"Wa kushoto," akasema. "Huo unaodunda tu. Nilitaka nikae nao, nijue unakuwaje ukiwa hauna kitu cha kukwambia."

Mzee Kimya akamtazama, safari hii akamtazama kweli. Akaegemea gari, akakunja mikono.

"Usikawie," akasema.