Mkono Chini ya Meza

Nilipewa kazi ya kumlinda Nimia kwa sababu jioni ile wenzangu wote walikuwa na shughuli. Ukiniona, huwezi kudhani nilizaliwa kumlinda mtu. Hata bata wa jirani hunifukuza.

Sisi huchangisha fedha za hospitali ya watoto walioungua, hapa mjini Asunción. Nimia huzungumza na wafadhili. Mimi huandika hotuba za shukrani. Mfadhili wetu mkubwa, Don Eulalio, tajiri wa ng'ombe kutoka nyanda za Chaco, alikuwa na mikono isiyotulia. Nimia alimwambia mkurugenzi wetu, Ña Perla, waziwazi: "Mama, kwa mzee yule siendi tena peke yangu. Ananishikashika."

Ña Perla hakumuuliza alikuwa amevaa nini. "Wilfrido atakwenda nawe. Akianza tu, ondokeni."

"Wilfrido?" Nimia akanitazama toka juu hadi chini. "Haya. Heri nusu shari."

Kwenye karamu ya wafadhili jioni ile, mezani nilipaswa kukaa katikati yao. Don Eulalio akasema, "Kijana, wewe kaa kule," nami nikakaa kule, upande wa pili wa Nimia. Tena nikamshukuru.

Taa zilipopunguzwa ili mpiga kinubi aanze, Nimia alinifinya, tukabadilishana viti kimyakimya. Nilikuwa bado natafuna muhogo mkono ulipotua pajani mwangu. Ukapapasa. Ukaminya.

Nyumbani nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno makali mbele ya kioo. Yote yaliyeyuka. Nilipiga yowe hata kinubi kikanyamaza.

"Don Eulalio, huo mguu ni wangu!"

Ukumbi mzima ukageuka. Mzee akaurudisha mkono kama aliyegusa kaa la moto. "Nilidhani..."

"Ulidhani ni wangu," Nimia akasema, akisimama. "Na ungekuwa wangu, nani kakupa ruhusa?"

"Ndiyo!" nikaongeza. Huo ndio ukawa mchango wangu. Tukatoka, kitambaa changu cha kufutia mikono kikining'inia shingoni.

Kesho yake mzee alipiga simu: Nimia aombe radhi, la sivyo hatoi kitu tena.

"Msaada wako tunauhitaji, Don Eulalio," Ña Perla akajibu, "lakini watu wangu siwauzi." Akakata.

Wodi mpya ya hospitali, iliyotegemea fedha zake, ilikaa bila paa msimu wote wa mvua, mpaka Nimia alipopata wafadhili wengine. Sasa hakuna anayekwenda kwa mfadhili peke yake, na Nimia hujichagulia wa kumsindikiza. Kila mara humchukua Ramona wa mapokezi. Sijathubutu kuuliza kwa nini.