Mita Iliyosifia Udongo

Mjomba alikuwa anahama. Wanawe walishaamua aende kuishi ghorofani, kwenye jengo ambalo mwenye nyumba hataki hata kamba ya nguo ionekane dirishani, sembuse waya wa redio. Kitindamimba wake angepanda ngazi jioni hiyo hiyo kuushusha waya wake kutoka juu ya nyumba anayoihama. Nilibaki na mchana mmoja tu wa kusikika kwake redioni, na nilikuwa sijawahi kusikika kwake hata mara moja.

"Si umpigie simu?" mume wangu aliuliza, mdomo umejaa mkate.

"Simu nampigia kila siku."

"Sasa?"

"Sasa shika waya, Mwalimu."

Nyumbani kwetu kila mtu ni Mwalimu. Yeye hufundisha udereva na hukanyaga breki hata akiwa amekaa kwenye kochi. Mimi hufundisha hesabu. Mjomba ndiye aliyenifundisha nukta na vistari vya Morse, vya kutumia herufi redioni, nikiwa mdogo, akigonga meza kwa kijiko. Tangu nipate leseni ya redio nimeongea na watu wa mabara ya mbali, lakini yeye aliye ng'ambo ya milima tu, hapana. Mawimbi ya masafa ya juu hupaa yakapita juu ya kichwa chake. Ya chini ndiyo hutambaa na ardhi mpaka yakafika, ila yanataka waya mrefu kuliko uwanja wetu. Wangu ulikuwa mfupi, kwa hiyo nikaufidia kwa koili, yaani waya niliouzungusha mara nyingi kwenye ndoo ya plastiki. Wifi yangu alipoiona aliuliza kama natengeneza mtego wa panya.

Nikaanza kuhamisha kibanio kwenye koili, mzunguko mmoja baada ya mwingine, macho kwenye mita. Mita hiyo huonyesha nguvu kiasi gani inakataliwa na antena na kurudi redioni. Sindano ikashuka, ikashuka, ikalala kabisa. Hakuna kilichokuwa kinarudi. Nilifurahi sana, nikapiga herufi za kituo changu mpaka kidole kikachoka.

Simu ikalia.

"Mpwa wangu, umeanza?"

"Nimepiga mpaka basi, Mjomba. Hujanisikia?"

"Nasikia mabati yanavyolia kwa jua. Wewe, hapana."

Nilikagua kila kiungo, nikavilaumu vyote. Hatimaye nikashuku ethi, ile fimbo ya shaba iliyozama ardhini chini ya antena. Udongo ulikuwa mkavu, nikaumwagia maji ili ushike vizuri. Niliporudi mezani, sindano ilikuwa imeinuka.

Nikasimama nikiitazama. Ethi nimeitengeneza, mita inasema nimeharibu? Jambo hilo lilinikera, halafu likaanza kunitamanisha. Darasani, mtoto akipata zote bila hata mstari mmoja wa kazi, simpigii makofi. Namwita mezani anieleze amezipataje. Mita hii sikuwa nimeiita mezani. Ilinieleza kwamba nguvu hairudi, nami sikuuliza inakwenda wapi.

Nikachukua kipimo kingine kidogo, kisichounganishwa na chochote, kinachoonyesha mawimbi yaliyomo hewani. Nikampa mume wangu akasimame nacho getini.

"Nifanye nini?"

"Ukiona sindano inapanda, piga kelele."

"Na majirani?"

"Majirani walishatuzoea."

Nikaanua mashati yake kwenye waya wa kuanikia, nikayarundika kwenye kiti. Waya huo nikaufunga kwenye ethi na kuulaza chini.

"Imepanda!" akapaza sauti.

Mita yangu ya mezani ikazidi kununa. Nikang'oa wavu wa banda la kuku lililokuwa tupu, nikauunganisha pia. Nikachomoa nyaya za zamani stoo, nikazitandaza pande zote. Kila nilipoongeza, yeye alishangilia getini na mita ikalalamika mezani. Nikahamisha kibanio tena kutafuta mahali pazuri, lakini ile sindano haikukubali kulala kama mwanzo.

Kumbe asubuhi yote udongo ndio uliokuwa unakunywa nguvu yangu. Redio ilipata mnywaji mpole asiyerudisha kitu, na mita ikamsifia. Nilitamani sana kuzing'oa zile nyaya nirudishiwe alama zangu mia kwa mia. Nikaiacha sindano palepale juu, nikapiga.

Kimya. Nikapiga tena, taratibu, kama anavyopenda yeye.

Kisha, chini ya mikwaruzo, nikasikia mkono wake, ile namna yake ya kupiga. Nisingeukosea hata kama redio zote zingelia pamoja: kistari cha mwisho hukivuta kidogo, tangu enzi za kijiko. NAKUSIKIA. Nikalia, sioni aibu kusema. Mume wangu aliingia na kipimo chake mkononi, akakaa nyuma yangu.

TUMA ZAIDI, mjomba akapiga. Sikuwa na la maana, nikamtumia jedwali la kuzidisha la saba. Akanirudishia la nane. Nikakosea la tisa, akanisahihisha.

Kisha akaanza kupiga herufi za kituo changu, na sauti yake ikapungua. Haikukatika. Ilizidi kuzama kidogo kidogo.

"Mita imekudanganya tena?" mume wangu akanong'ona.

"Hapana. Waya wake unashushwa."

Kule kwake ngazi ilikuwa imeshaegemezwa, na Mjomba hakuwa ameondoka mezani. Nikainamia spika. Hakuaga. Aliendelea kupiga herufi zangu zile zile, nami nikazifuata kwa midomo, mpaka pumzi ya mume wangu ikazifunika.