Mkono wa Kiti cha Baba

Katika jumba lile la makumbusho, hakuna aliyethubutu kushika msasa mbele ya fundi. Vyumba sita vilikuwa chini yake, kila kimoja kimepangwa jinsi watu wa nchi fulani walivyoishi zamani: huku meza fupi za watu waliokula wameketi sakafuni, kule kitanda kirefu cha kupandwa kwa ngazi. Mwenzake kazini akitaka tu kung'arisha kitu, fundi alimjia juu.

"Hiyo mikwaruzo ndiyo watu wenyewe," alifoka. "Ukiisugua, umebaki na mbao."

Sasa mtu huyohuyo, mwenye mdomo wote huo, nyumbani kwake alifanya nini?

Mama yake, asiyeona kwa miaka mingi, alifiwa na mumewe, akahamia kwa binti yake huyo. Katika vyombo vyote alitaka kimoja tu, kiti cha marehemu. Kilikuja hoi, rangi imebanduka, miguu inacheza. Fundi akaona aibu. Mama akalie gofu la kiti, na yeye ni fundi? Akakipeleka karakana, akakaza miguu. Angeishia hapo angesalimika. Lakini mapenzi yalimpumbaza, akashika msasa. Akasugua mpaka mbao zikateleza kama sabuni, akapaka vanishi mara tatu, akarudi nyumbani anachekacheka peke yake.

Mama akaketi. Kiganja chake cha kulia kikapita juu ya mkono wa kiti, mbele, nyuma, kikitafuta. Uso ukambadilika.

"Hiki cha nani?"

"Cha baba, mama. Nimekitengeneza."

"Usinifanye mjinga kwa kuwa sioni. Cha baba yako kina bonde hapa. Miaka arobaini kiganja chake kilikuwa papo hapo, akisikiliza redio. Tangu tumzike nimekuwa nikiweka wangu humo." Akasimama. "Nirudishe kwangu."

Fundi aliona haya, lakini zaidi aliogopa. Nyumba ile ya mama ilikuwa na jiko la mafuta na ngazi kumi na tatu, na hakukuwa tena na wa kumshika mama mkono. Akamsihi asubiri siku moja tu.

Kuiga uchakavu kulikuwa sehemu ya kazi yake. Kipande kipya kikipachikwa kwenye kiti cha miaka mia mbili, lazima kifanane na vingine. Akachukua tupa, akachimba bonde taratibu, akilipima kwa kiganja pekee alichokuwa nacho, chake mwenyewe. Akalipaka nta, akalifikicha kwa kitambaa mpaka likapata ule ulaini wa jasho. Alijua anadanganya, akaendelea.

Mama akaketi tena. Mkono ukaingia bondeni, ukatulia. Fundi akashusha pumzi.

"Huu ni mkono wako," mama akasema.

Fundi akatazama kiganja chake.

"Nimeushika tangu ukiwa mchanga, nitashindwaje kuujua? Sikukasirikii, mwanangu. Nitakaa." Vidole vyake vikazunguka ukingo wa lile bonde. "Ila niambie, wa baba yako umeuweka wapi?"

Fundi alitafuta uongo mwingine, akaukosa.

"Nimeufagia, mama," akasema. "Juzi asubuhi, pamoja na vumbi la mbao."