Bakuli la Shehe Nungunungu

Kabla hakujapambazuka, Bi Kobe alisikia kwaru, kwaru, kwaru nyuma ya ukuta. Jirani yake Sungura alikuwa akikwangua ua jekundu kwenye bakuli.

"Mwanangu, utalitoboa."

"Afadhali litoboke, Bibi! Hujasikia? Shehe Nungunungu amekamatwa. Anahojiwa kwa ugaidi."

Mabakuli yenye ua jekundu yalikuwa ya Shehe, na yalikuwa yametapakaa nchi nzima, maana alipeleka uji kwa kila mgonjwa. Desturi ilikuwa chombo cha jirani kisirudi kitupu, na wengi walikuwa hawajapata cha kutia. Shehe huyohuyo alikuwa na ulimi mkali. Alihubiri kwamba walafi wataungua. Siku ya tatu ghala la Mfalme Fisi likaungua. Waliokuwa wakimshangilia, "Waambie, Shehe!" hadi sauti zikawakauka, sasa walikumbuka kwamba siku zile walikuwa wakipita njia tu. Wengine, ambao hawakuwahi kumsikia, walikuwa na hakika kwamba anastahili kunyongwa. Sungura alikuwa katika makundi yote mawili, na bado hajanywa chai.

Barazani, Waziri Mbweha aliinama. "Mtukufu, hakuna aliyemwona karibu na ghala."

"Mnaona hila hiyo?" alisema Mfalme. "Gaidi wa kweli haonekani."

Baraza likaipigia makofi hekima hiyo. Ikaamriwa kwamba yeyote mwenye bakuli la ua jekundu ni mshirika wa Shehe.

Mashimo ya taka yakajaa vigae. Bi Kobe aliosha bakuli lake, akatia maharage, akafunika kwa jani la mgomba na kushika njia ya gerezani. Askari wakampeleka barazani.

"Unakiri ni lake?" aliuliza Mfalme.

"Ni lake, Mtukufu. Nilipougua aliniletea uji siku tisa. Alipohubiri kwamba mabinti wasisome, nilimnunia miezi mitatu. Uji alileta vilevile."

"Huo ni ushirika!"

"Huenda. Na hilo bakuli la karanga hapo mbele yako, Mtukufu, alikuletea ulipoumwa tumbo?"

Baraza zima likalitazama lile ua jekundu. Waziri alikohoa. Mfalme alilifunika kwa joho lake, karanga zikamwagika.

Kabla ya jioni ilitoka amri mpya: mabakuli si hatia tena. Shehe naye hakupatikana na kosa, kwa hiyo angebaki gerezani mpaka lipatikane.

Bi Kobe aliruhusiwa kumwona. Nusu ya miiba ya Shehe ilikuwa imeng'olewa kwa ajili ya uchunguzi.

"Sikulichoma ghala, Bibi."

"Kula kwanza, mwanangu. Yanapoa."

Alikula yote, akalifuta bakuli kwa kiganja, akalitazama kwa muda. Lilikuwa limesharudi kwa mwenyewe; mgeni wake hakuwa na sababu nyingine ya kuja tena. Akalisukuma taratibu hadi miguuni pa Bi Kobe.

"Lichukue tena, Bibi. Likae kwako. Uje unirudishie kesho."