Kidonge cha Asubuhi, Chakula cha Saa Saba

Tangu siku chupa ilipomwagika, Mwewe hakunywa tena chai ya asubuhi.

Mwewe lilikuwa jina la kazini. Aliendesha winchi, ile ndefu ya mnara inayosimama katikati ya jengo linalojengwa na kuzungusha mkono wake angani, na kibanda chake cha vioo kilikuwa juu ya vidato mia mbili na kumi na nne vya ngazi. Saa moja asubuhi alivipanda. Saa saba mchana alivishuka kwenda kula. Katikati hapo hakukuwa na kushuka, kwa sababu kushuka na kupanda tena kulikula nusu saa nzima, na winchi ikisimama, mafundi arobaini husimama nayo. Kwa hiyo haja ndogo waendesha winchi huimaliza kwenye chupa. Kila mtu alijua, na hakuna aliyelizungumza.

Mpaka siku ile alipoipiga teke chupa kwa bahati mbaya, mlango wa kibanda ukiwa wazi kwa sababu ya joto. Matone mengine yalitua juu ya kofia ngumu ya msimamizi, aliyekuwa akimtembeza mwenye jengo.

"Mbona mvua, na jua linawaka?" aliuliza mwenye jengo.

Mafundi walicheka mpaka wakashika mbavu. Wiki nzima, kila Mwewe alipopita, mmoja alijifanya kufungua mwavuli. Msimamizi hakucheka. Alibandika karatasi kwenye mlango wa ngazi: CHUPA HAZIRUHUSIWI KIBANDANI.

"Sasa bosi, nikibanwa je?"

"Jibane. Wewe si mtoto."

Mwewe alikuwa na miaka hamsini na mbili, umri ambao kibofu hakitii tena amri. Akaona dawa ni moja tu: kujikausha. Asubuhi hakunywa hata funda. Na mkate bila chai ulimkwaruza koo, basi akauacha na mkate. Akawa anapanda angani mtupu kama debe, anakula saa saba, anakula tena jioni, na siku inaisha.

Angekuwa mtu mwingine, pengine yangeishia hapo. Lakini kwa miaka miwili Mwewe alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kila siku saa kumi na mbili asubuhi alimeza kidonge kidogo cheupe. Kwenye pakiti mfamasia alikuwa ameandika kwa kalamu: *Asubuhi, pamoja na chakula.* Yeye aliliona neno la kwanza tu.

"Umeze na hiki," mkewe alimwambia, akimsogezea yai la kuchemsha. Kila asubuhi alikuwa analisogeza, na kila asubuhi yai lilirudi jikoni.

"Mama watoto, nimekwambia, sina njaa asubuhi."

"Sijakuuliza njaa. Nimekwambia umeze na chakula."

"Jana kwenye redio amesema mtaalamu, mtu msomi kabisa. Kwamba hii habari ya kifungua kinywa tunaikuza tu. Wapo wanaokula mara mbili kwa siku na wana afya kutuzidi. Hata jirani yetu fundi umeme, tangu aache kula asubuhi, tumbo limerudi ndani."

"Huyo mtaalamu wa redio anameza vidonge vyako?"

Mwewe akafunga kamba za viatu.

"Na fundi umeme je, naye anameza? Baba watoto, nakuuliza."

"Nachelewa," alisema Mwewe.

Hakumwambia habari ya chupa. Mtu mzima atamwelezaje mkewe kwamba anashinda njaa kwa kuogopa mkojo? Tena kulikuwa na jambo zito zaidi. Kila mwaka kampuni iliwapa waendesha winchi fomu ya afya, na penye swali la ugonjwa wa sukari, Mwewe alikuwa ametia alama kwenye *Hapana*. Mara mbili. Aliujua utaratibu: mtu mwenye sukari, kama anatumia dawa zinazoweza kumfanya aanguke, hapandi mpaka daktari aandike kwamba anaweza, na wengi hawakuandikiwa. Binti yake wa mwisho alikuwa amebakiza mwaka mmoja chuoni. Na yeye mwenyewe, ukimtoa kwenye kibanda kile, alijua kufanya nini kingine? Miaka ishirini na sita alikuwa ametazama dunia kutoka juu.

Kwa hiyo alipanda. Alifunga mlango, akakaa kwenye kiti kilichoshika umbo la mgongo wake, magoti yakigusa kioo. Kibanda kilikuwa na upana wa mikono miwili iliyokunjwa. Kila siku, saa nne kamili, aliwaona wenzake huko chini wakikusanyika kwenye banda la bati la mama wa chai. Kutoka juu walikuwa kofia tu, za njano na nyeupe, zimezunguka moshi. Hakuweza kunusa chochote kutoka mita sitini, lakini mdomo ulimjaa mate vilevile. Saa ya watu kunywa chai ndiyo ilikuwa saa yake ya kuwasogezea mizigo, ili wakirudi wakute kila kitu mahali pake.

Wiki za karibuni, saa nne hiyo ilikuwa imeanza kumtisha. Mikono ilikuwa ikimtetemeka kidogo, jasho likimtoka shingoni na huku anahisi baridi. Alijiambia ni joto la vioo. Alijiambia ni uzee. Alikuwa akihesabu dakika mpaka saa saba kama mfungwa anayehesabu siku, na ikifika anashuka, anakula sahani mbili bila kuinua macho, na dunia inarudi kuwa sawa.

"Mzee, unakula kama umetoka vitani," Kasuku alimtania.

Kasuku ndiye aliyekuwa macho yake ya chini: mtoa ishara, mtu mnene mwenye redio ya upepo kifuani, anayemwambia mwendesha winchi inua, shusha, kulia, kushoto. Jina alilipata kwa sababu hata pasipo na mzigo hakunyamaza. Miaka tisa walikuwa wamefanya kazi pamoja, na kwa miaka hiyo tisa Kasuku hakuwahi kupanda ngazi ile hata vidato kumi. Alikuwa anaogopa urefu, na hilo hakulificha.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Mwewe aliinua kipande cha ukuta wa zege, tani tatu na ushei, kutoka kwenye lori. Kilipaswa kuzunguka kulia, nyuma ya stoo ambako hapiti mtu, kisha kitue ghorofa ya sita. Saa nne ilikuwa imefika. Kofia zote zilikuwa bandani.

"Kulia taratibu," ilisema redio. "Kulia… Mwewe, kulia. Hiyo kushoto, kaka."

Aliisikia sauti, akaielewa, na mkono wake ukaendelea kusukuma kushoto. Ulikuwa kama mkono wa mtu mwingine. Ndoano aliiona moja, kisha mbili. Midomo ilikuwa imekufa ganzi.

"Mwewe! Simama!"

Aliachia kishikio. Winchi ile imetengenezwa hivyo, kishikio kikiachiwa inasimama yenyewe. Mzigo ukayumba mara mbili tatu, ukatulia. Aliinama kutazama kati ya magoti yake. Ukuta wa zege ulikuwa unaning'inia juu kabisa ya banda la mama wa chai.

"Kuna nini huko juu?" Kasuku aliuliza.

"Upepo," alisema Mwewe. Ulimi ulikuwa mzito. "Upepo umenisukuma."

Redio ilikaa kimya. Kasuku kukaa kimya halikuwa jambo la kawaida.

"Bendera imelala, Mwewe," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Naitazama hapa. Imelala kabisa."

Mwewe aliitazama bendera ndogo nyekundu kwenye ncha ya winchi. Ilikuwa imejikunja kwenye mti wake kama kitambaa cha jikoni. Jasho liliingia machoni. Alitaka kulala. Wazo lilimjia, tamu na la kijinga, kwamba akifumba macho dakika moja tu atapata nguvu, ataondoa mzigo, na hakuna atakayejua. Dakika moja tu. Kisha akaona kofia moja ya njano ikitoka bandani na kikombe mkononi, ikisimama chini ya tani tatu kuzungumza na mwenzake, na akajua kwamba mikono hii aliyonayo sasa haifai kugusa kitu.

Redio ya upepo husikika na kila aliyenayo, na msimamizi alikuwa nayo. Akibonyeza kitufe, miaka ishirini na sita inakwisha hapo.

Alibonyeza.

"Kasuku. Ondoa watu bandani. Wote." Akameza mate yasiyokuwepo. "Nina ugonjwa wa sukari. Nimemeza kidonge na sijala. Natetemeka. Siwezi kuushusha."

Kisha akamsikia Kasuku akipiga kelele bila redio, kelele zilizofika mpaka juu, na kofia zikatawanyika kama punje za mahindi zilizomwagwa sakafuni. Msimamizi akaingia hewani: "Usiguse kitu! Umesikia? Mikono magotini!"

"Iko magotini, bosi."

"Una chochote cha kula huko? Pipi? Sukari?"

"Sina."

"Hata maji?"

"Maji ndiyo sina kabisa," alisema Mwewe, na bila kutaka akacheka, kicheko kibovu kilichomtisha mwenyewe.

Ilipita kitambo. Kisha redio ikaanza kuhema.

"Mwewe. Unanisikia? Ni mimi. Niko kwenye ngazi."

"Wewe?"

"Mama wa chai kanipa soda. Mbili. Ziko ndani ya shati, zinanigandisha tumbo. Usilale. Nasema usilale, nisije nikafa bure hapa. Hesabu na mimi. Kidato cha ishirini na moja. Ee Mungu wangu. Ishirini na mbili. Hivi chuma hiki kinatikisika siku zote?"

"Kinatikisika."

"Ungeniambia uongo tu, kaka! Ishirini na tatu."

Alihesabu vyote. Kila alipochoka alisema jambo jingine: kwamba mkewe akijua atamuua, kwamba hataki kutazama chini, ametazama chini, amejuta. Kila Mwewe alipochelewa kujibu, alimtukana kwa upole. Kwenye sabini na tisa alinyamaza kabisa, na kwa mara ya kwanza ni Mwewe aliyemwita. "Kasuku? Themanini. Sema themanini." Kwa hiyo walikwenda hivyo, mmoja akimvuta mwenzake, mpaka mlango ukafunguka na uso wa Kasuku ukachomoza, umepauka kama majivu, shati limetuna.

Soda ya kwanza Mwewe aliimwaga nusu kifuani. Ya pili aliinywa yote. Walikaa wawili katika kibanda cha mtu mmoja, Kasuku amekumbatia chuma cha mlango. Dunia ilirudi polepole: kwanza midomo, kisha vidole, kisha ndoano mbili zikawa moja. Alikula mkate wa mama wa chai uliokuwa umebondeka mfukoni mwa Kasuku. Nusu saa ilipita kabla msimamizi hajakubali, na Mwewe akapeleka mzigo kulia, nyuma ya stoo, akautua kwa upole kuliko alivyowahi kutua kitu maishani mwake. Alijua ni wa mwisho.

Chini, msimamizi alikuwa amemngoja kwenye mlango wa ngazi. Alinyoosha kiganja, na Mwewe akaiweka kadi yake ya kazi humo bila kuambiwa.

"Ulidanganya kwenye fomu."

"Nilidanganya."

"Ungeua watu."

"Najua, bosi."

Msimamizi aliigeuza kadi, akaitazama picha. "Unameza kidonge, unajua kinataka chakula. Kwa nini ulikuwa huli?"

Mwewe alitazama tu ile karatasi mlangoni, iliyoanza kufifia kwa jua. Msimamizi akaifuata njia ya macho yake, akaisoma kama vile aliyeiandika ni mtu mwingine. Kisha akaibandua, akaikunja, akaitia mfukoni pamoja na kadi.

"Nenda zahanati," alisema. "Kesho uje. Chini."

Daktari alibadilisha dawa, akamwambia mambo ya kurudi juu yatazungumzwa baada ya miezi kadhaa, kama yatazungumzwa. Mwewe alimweleza mkewe yote, hata habari ya chupa. Mkewe alicheka mpaka machozi, kisha yakawa machozi ya kweli, kisha akamsogezea yai. Safari hii halikurudi jikoni.

Kazini wakampa redio na upande wa pili wa jengo, naye akawa mtoa ishara. Ilikuwa ajabu kuinua shingo. Hakujua kwamba kutoka chini kibanda kile ni kidogo namna hiyo, kama kiberiti kilichoning'inizwa. Ndani yake sasa alikaa mwendesha winchi mpya, mwanamke mrefu wa miaka thelathini hivi, mwenye mkono mwepesi.

Utaratibu ulikuwa umebadilika. Saa nne winchi ilisimama kama watu wote.

"Saa nne," Mwewe alisema redioni siku yake ya kwanza na huyo dada. "Funga mashine, shuka."

"Asante, mzee, lakini mimi sili asubuhi. Tangu utotoni. Wala sijisikii vibaya."

Kasuku, kikombe mkononi, alimtazama Mwewe kwa jicho la *haya sasa, mjibu*. Mwewe alifikiri juu ya mtaalamu wa redio na fundi umeme mwenye tumbo dogo. Pengine walisema kweli kuhusu miili yao. Yeye alikuwa ameazima jibu lao bila kuwa na mwili wao.

"Basi usile, mwanangu," alisema. "Lakini shuka."

Kisha mlango wa kibanda ukafunguka kule juu, na mguu mmoja ukatafuta kidato cha kwanza.