Siku Kidari Kilipogoma

Verlon Stubbs alikuwa na imani tatu ambazo hakuna mchungaji hata mmoja Oklahoma aliyeweza kuzitikisa: kwamba nyama ya moshi huiva kwa subira, kwamba anayefunua mfuniko wa tanuri kuchungulia amejilaani mwenyewe, na kwamba mwanamume anayefunga kidari chake cha ng'ombe kwa karatasi ya foili amekivisha nepi. Imani hii ya mwisho aliitangaza hata kwenye misiba.

Jirani yake Clete Haugen hakuwa mtu wa kutangaza. Kila kiangazi wawili hao walikuwa na kazi zao za uani. Walikuwa wameng'oa lango la uzio uliowatenganisha, kwa sababu lilikuwa linachosha kufunguliwa. Verlon alikuwa na tanuri lake, pipa kubwa la gesi lililopasuliwa kwa urefu na kufungwa kisanduku cha moto ubavuni. Clete alikuwa na trela.

Trela lile la kupigia kambi halikutoka kiwandani. Baba yake Nadine, mke wa Clete, alilijenga kwa mikono yake ghalani. Alipinda mbao za mbele mpaka pua ya trela ikawa ya mviringo kama kifua cha kuku, kisha akazipaka vanishi aliyoipika mwenyewe kwa utomvu wa msonobari. Hakuchora ramani. Alipokufa, umbo lile lilibaki mahali pamoja tu duniani: katika zile mbao za pua, ambazo sasa zilikuwa zimeoza. Clete alizing'oa moja moja, akazipanga gerejini kwenye sakafu, ili azitumie kama vielelezo vya kukatia mpya.

"Mbao mbovu haitupwi mpaka mpya iwe imekatwa," alikuwa akimwambia Verlon.

"Sawa, bwana," Verlon alikuwa akijibu, huku akimtazama kama mtu anayetazama mahubiri kupitia dirishani. "Hilo trela litaisha siku na sisi tumeisha."

Ikafika Jumamosi ya Juni ambayo Nadine alitimiza miaka sitini. Verlon aliomba, kwa unyenyekevu usio wake, apewe heshima ya kupika. Kabla jua halijachomoza, kidari kilikuwa tanurini juu ya moto wa mwaloni. Clete na Nadine waliondoka kwenda kumchukua dada yake Nadine mji wa pili.

"Nakuachia nyumba, Verlon," Clete alisema.

"Umeiacha mikononi mwa mtaalamu."

Sasa, kidari kina tabia za mwanafunzi mtukutu. Asubuhi joto lake hupanda kwa utii, walimu wakafurahi. Ikikaribia adhuhuri, kinagoma. Jasho la nyama huipoza kadiri moto unavyoipasha, na kipimajoto husimama palepale kama saa mbovu. Mpishi asiyetaka kukifunga kwa foili ili kiharakishe hana la kufanya ila kukaa kitini na kungoja mgomo uishe wenyewe. Hilo Verlon alilijua. Alikuwa amewafundisha wengine.

Ila siku ile Roscoe Tibbs, wa nyumba ya tatu, alikuja mapema kuliko alivyoalikwa, akaegemea uzio na bia yake.

"Naona imelala, mzee."

"Haijalala. Inatafakari."

"Wageni watafika inatafakari? Nina foili nyumbani. Nikuletee, au nikuletee na poda ya mtoto kabisa?"

Roscoe alienda zake akicheka, lakini maneno yakabaki. Verlon akafunua mfuniko, kidogo tu. Moshi na joto vikamtoka kama pesa za mlevi. Akaongeza kuni. Akafunua tena. Akaongeza tena. Alipokuja kugeuka, rundo la mwaloni lilikuwa limekwisha, moto unasinzia, na nyama ingali kwenye mgomo. Kwenda kununua kuni hakuweza, maana moto hauachwi peke yake. Kuomba kwa Roscoe? Afadhali kufa.

Ndipo akapita pale palipokuwa na lango, akaingia gerejini kwa Clete, na kuona sakafuni vipande vya mbao kuukuu, vikavu, vilivyojipinda. Kuni! Hata alijisifu moyoni: angeokoa nyama na kumfagilia jirani gereji kwa wakati mmoja.

Vilishika moto kwa furaha ya ajabu. Moshi ukatoka wa manjano, mzito, unanuka kama duka la fundi seremala. Verlon aliutazama, na polepole, kama maji yanavyopanda kwenye kiatu kilichotoboka, maneno ya Clete yakamjia. Mbao mbovu haitupwi.

Alikimbilia kisanduku na koleo. Alichovuta nje kilikuwa kaa lenye skrubu ya shaba.

Wageni walifika. Nyama ilikatwa. Kwa nje ilikuwa nyeusi na nzuri, na watu walitafuna kwa uso wa kanisani.

"Ina… ladha," alisema dada yake Nadine.

"Ladha ya meza," alisema Roscoe. "Verlon, umepika ng'ombe au umepika kabati?"

Watu wakacheka. Verlon naye akacheka. Nadine peke yake hakucheka. Alitafuna taratibu, macho yake mbali, akaomba kipande cha pili.

Kisha Clete akamchukua Roscoe kwenda kumwonyesha trela na zile mbao gerejini. Verlon alihesabu hatua zao kwa masikio. Clete aliporudi, alipitia kwenye tanuri, akainama, akaokota kitu majivuni, akakitia mfukoni. Akamtazama Verlon mara moja tu.

"Mbao za baba ziko wapi?" Nadine aliuliza. "Roscoe anasema sakafu tupu."

Verlon alianza kukusanya sahani.

"Nimezihamisha," alisema Clete. "Zilikuwa njiani." Akakaa, akavuta sahani yake, akala ile nyama yote, tonge baada ya tonge. Angemtukana, Verlon angejitetea. Angempiga, angepigika. Lakini kula!

Kesho yake Verlon alifika na maboksi na penseli. Clete alimwelekeza kwa kidevu kwenye mabati yaliyokuwa yamefunika pua ya trela, sasa yamelala nyasini, na wakayachora kingo zake pamoja, kwa kuwa bati hukumbuka kiasi umbo lililolishikilia. Upande wa kulia lilikumbuka vizuri. Upande wa kushoto lilikuwa limewahi kuangukiwa na tawi. Walikata, wakakosea, wakakata tena kiangazi chote. Kuhusu moto hawakusema neno.

Septemba ilipoanza, sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani, trela lilisimama kando ya ziwa. Lilikuwa zuri, ila pua yake ilielekea kushoto, kama ya bondia aliyestaafu. Kila jirani wa kambi aliyepita aliuliza ni nini kimeling'ata.

"Mimi huyo," Clete alijibu kila mara. "Nilikata vibaya."

"Mume wangu ana macho ya fuko," Nadine alisema, na kambi nzima ikacheka.

Verlon alikuwa amesimama pale, kipande cha mkate mkononi, na alipomsikia Clete akilibeba lile kosa tena, uso ukamwaka mpaka masikioni.

"Si yeye, shemeji," alisema. Sauti yake ilitoka nyembamba. "Zile mbao za baba yako… nilizichoma mimi. Siku yako. Kuni ziliniishia, nikaogopa kuchekwa."

Nadine alifuta mikono yake kwenye aproni.

"Verlon, nimekua ndani ya hili trela. Kila kiangazi likipata jua, vanishi ya baba ilikuwa inanuka mpaka kwenye mito. Unadhani nililitia tonge lile mdomoni nisijue ni nini?"

Clete akageuka. "Ulijua? Na mimi ukaniacha niseme uongo miezi yote hii?"

"Nilikuwa nangoja nione mwanamume ni yupi kati yenu." Akamtazama Verlon. "Umechelewa."

Verlon aliinamisha kichwa, akasema ndiyo, amechelewa.

Nadine aliingia ndani, akatoka na bunda la foili, akamwekea kifuani. Kwenye tanuri dogo la kambi kidari kilikuwa kimegoma tangu adhuhuri.

"Kifunge."

"Shemeji, hapa mbele ya…"

"Hapa hapa."

Roscoe, aliyekuwa amekuja nao kambini, alikuwa ameshaanza kuwaita watu kutoka matrela ya jirani. Walikuja na viti vyao. Na Verlon Stubbs, mbele ya kambi nzima, akafunua mfuniko, akakiinua kidari chake, na kukivisha nepi.