Swichi ya Nyuzi Kumi

Afisa wa mita alikata waya wa kibanda cha nne, akakifunga kisanduku cha umeme kwa lakiri nyekundu, kisha akamkabidhi fundi karatasi nene yenye mhuri.

"Notisi. Ibandike mlangoni, ionekane."

"Mita mpya si tulishalipia tangu mwaka jana? Safu nzima."

"Mita mpya ni ofisi nyingine, mimi ni wa kukata laini za zamani." Alijifuta jasho. "Na nikikukuta na umeme leo, dada, kibanda anapewa mwingine. Wanaokitaka wamejaa tele."

Akahamia kibanda cha tano. Fundi, binti aliyeanza kufungua redio za watu kabla hajajua kusuka nywele zake mwenyewe, alibaki na karatasi mkononi. Mbele yake lilisimama gitaa, na nyuma ya gitaa mwenyewe, ambaye watu walimwita Nyuzi Kumi.

Gitaa lenyewe si la kupakata. Lilikuwa kama meza nyembamba ya miguu minne: nyuzi kumi juu, pedali chini kama za cherehani, na vyuma vya kusukuma kwa magoti. Nyuzi Kumi huteleza na kipande cha chuma juu ya nyuzi, nalo hulia utadhani linamwita mtu kwa jina lake la utotoni. Ila swichi yake ya kuchagulia mlio ilikuwa imeanza uhaini. Jumamosi iliyopita ilikata sauti maharusi wakiwa katikati ya ukumbi, mguu mmoja juu. Meneja wa ukumbi hakufoka. Asubuhi hii alisema tu, "Leo saa kumi likinyamaza tena, naweka muziki wa simu, na wewe usirudi."

"Basi nimekwisha," alisema Nyuzi Kumi, macho kwenye lakiri.

"Hujaisha. Kaa. Skrubu hazili umeme."

Fundi alilifungua gitaa kwa chini, akachungulia, akanusa.

"Nani kamwaga mafuta humu?"

Nyuzi Kumi akatazama bati la paa. "Ilikuwa inakwaruza."

"Ukaipaka mafuta ya cherehani?"

"Pedali zikipiga kelele nazipaka, zinanyamaza."

"Na hii imenyamaza. Hongera."

Kicheko kilitoka kibanda cha jirani, alikokuwa akipiga pasi shangazi yake fundi. "Mwulize, mwanangu, na mkewe akipiga kelele anampaka?"

Mafuta yalikuwa yamenasa vumbi la miaka. Fundi aliyatoa kwa spiriti na mswaki mkuukuu, akasugua vilimi vya swichi kwa kifutio cha penseli mpaka vikang'aa. Ndipo akaliona tatizo la pili: waya mmoja ulikuwa umeachia, umeshikilia kwa unywele. Hapo palitaka lehemu, na lehemu inataka moto, na chuma chake cha kulehemu kilikula umeme.

Alikitazama kile kisanduku. Kuvunja lakiri ni kazi ya dakika moja, na waya wa kuunganishia alikuwa nao. Kibanda kingekuwa cha mwingine kabla ya jioni. Akavuta pumzi, na pamoja na pumzi ikaingia harufu ya mkaa.

"Shangazi! Ile shaba ya baba bado unayo?"

"Aliyokuwa akizibia ndoo? Naegemezea mlango."

Shaba hiyo, ya kulehemu kwa kupashwa makaani, ilikuwa nene kama kidole gumba. Ndoo iliistahimili, swichi ingeyeyuka kama mshumaa. Fundi akaviringisha waya wa shaba kwenye ncha yake, akaacha mkia mwembamba utokeze, akaifukia ndani ya makaa ya pasi. Shangazi alipepea.

"Upesi, makaa haya yanasubiriwa na mashati kumi na mawili."

Mara ya kwanza shaba ilipoa njiani. Mara ya pili lehemu iliganda kama kamasi. Mara ya tatu fundi alibana pumzi, akapiga hatua tatu, akagusa. Lehemu ikatiririka, ikauzunguka waya, ikatulia iking'aa.

Ilibaki kuizuia swichi isigusane na bamba la chuma. Palitakiwa kitu kikavu, kigumu kiasi. Alipapasa meza, akaipata notisi.

"Karatasi nzuri," alisema, akiikunja mara nne. "Ofisi hawabani karatasi." Akaikata pembe, akaisokomeza chini ya swichi, akakaza skrubu.

Aliunganisha gitaa na redio ya betri aliyoipasua tumbo; betri mbili zilitoka kwenye tochi, mbili kwa shangazi. Nyuzi Kumi akapiga. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. Akabonyeza swichi huku, kati, kule. Haikukata. Safu nzima ikasogea mlangoni.

Afisa alikuja mbio. "Nilisema nini? Toka! Funguo za kibanda!"

"Kagua kwanza," fundi alisema.

Afisa akaishika lakiri, akasoma namba mara mbili. Akainama chini ya meza akitafuta waya. Akakuta vumbi na kiatu kimoja cha Nyuzi Kumi.

"Umeme umeutoa wapi?"

"Kwenye pasi yangu," shangazi alidakia. "Ifunge lakiri nayo, kama hujali vidole."

Watu wakacheka. Afisa akatafuta pa kushika, akapapata. "Na notisi? Haiko mlangoni! Hilo ni kosa peke yake. Iko wapi?"

"Iko kazini," fundi alisema, akiligonga gitaa kwa mpini wa bisibisi. "Ukiitaka, nenda ukumbini, subiri maharusi wamalize kucheza."

"Nitakuandikia kosa. Kesho asubuhi naleta nyingine."

"Lete. Ila uje na mita mpya pia."

Afisa akatoa kalamu, akaanza kuandika. Nyuzi Kumi hakungoja amalize. Alivua kiatu cha pili, akaweka miguu kwenye pedali, akapiga tena, na safari hii fundi akaifungulia redio mpaka mwisho.